Dakika Nne na Sekunde Ishirini

Mara ya kwanza Refa kufa mbele yangu, alinivunjia mayai. Nilikuwa nimetandika kanga yangu gulioni, pembeni ya uwanja wa kanisa, nimepanga mafungu ya iliki na pilipili manga, na trei moja ya mayai ya kienyeji niliyoyatunza wiki nzima. Nikamwona anakuja, suruali kaipandisha mpaka karibu na kifua kama kawaida yake, anasalimia huku, anatukana kule. Akafika kwangu, akashika kifua, akasema, "Mtani, kwa heri," akaanguka. Kichwa kwenye iliki, kiwiko kwenye trei.

Nikapiga yowe. Gulio zima likapiga yowe. Mama mmoja akaja na dumu la maji akammwagia usoni, mwingine akavua kitenge akaanza kumpepea, mzee mmoja akaagiza kitunguu. Tulizunguka pale tukisukumana mpaka maiti akafumbua jicho moja, akatazama saa yake, ile ya refa ya kubonyeza, akaketi huku ute wa yai unamchuruzika mkononi.

"Dakika sita," akatangaza. "Mmenipepea, mmeniogesha, mlikuwa mnataka kunipikia na mchuzi wa kitunguu. Hakuna hata mmoja aliyenigusa kifua. Nimekufa, na mmeniua nyinyi."

"Na mayai yangu?" nikamuuliza.

"Mtu amekufa, Mtani, wewe unauliza mayai?"

Kwa asiyetujua, nieleze kidogo. Refa alikuwa Mnyamwezi, sisi wa huku milimani Matombo ni Waluguru, na Mnyamwezi na Mluguru ni watani. Mtani anaweza kuondoka na jogoo wako mchana kweupe na wewe ukacheka. Anaweza kuja msibani akajilaza mlangoni, jeneza lisitoke mpaka apozwe na kitu. Kwa umri wake nilipaswa kumwamkia shikamoo. Kwa utani nilimwamkia, "Bado hujafa?" naye akaitikia, "Nakungoja utangulie ukanifagilie." Wageni wanaofikia misheni walidhani tuna kesi.

Kesi tulikuwa nayo kweli, ila si hiyo. Bora niiseme mapema, maana bila hiyo Refa ataonekana mzee mchekeshaji tu, na wazee wachekeshaji tunao wengi.

Mdogo wangu, kitindamimba wa mama, alichezea timu ya kijiji, jezi namba nane. Siku hiyo ilikuwa fainali na kijiji jirani. Tunaongoza bao moja kwa bila, zimebaki dakika chache. Aliyewahi kutazama mpira wa mchangani anajua timu inayoongoza inafanya nini dakika hizo: inajiangusha. Kipa wetu alikwisha kujiangusha mara mbili. Beki alijishika goti ambalo hakuna aliyeligusa. Kisha mdogo wangu, katikati ya uwanja, peke yake, akaenda chini chali.

Refa akamwendea mbio. Akapuliza filimbi, akachomoa kadi ya njano, akamwinulia pale pale alipolala, akaandika kwa kalamu nyuma ya kadi: "8, kupoteza muda." Mdogo wangu alikuwa anakoroma. Sasa najua kwamba mtu ambaye moyo wake umesimama anaweza kuvuta mkoromo mmoja mmoja mzito, na kwamba huko si kupumua. Siku ile hatukujua. Upande wa pili wakacheka mpaka wakagaagaa. "Kalala kabisa huyo! Mleteeni mto!" Na mimi nilicheka. Hilo silifichi. Nilicheka kwa sababu tulikuwa tunaongoza, na kila sekunde aliyolala pale ilikuwa faida yetu.

Refa alisimama juu yake na saa mkononi, anahesabu muda aje auongeze mwishoni mwa mchezo. Ndiyo maana yeye aliujua muda ule barabara: dakika nne na sekunde ishirini. Hapo ndipo mchezaji mwenzake alipoinama akaona midomo imekuwa ya kijivu. Mchezo ukavunjika. Tukamwagia maji, tukapepea, tukaleta kitunguu, tukampakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, akarushwarushwa kwenye yale mawe ya barabara yetu mpaka hospitali. Alifika amekwisha kupoa.

Refa alikuja matangani. Watu wakamsubiri afanye utani wake, maana mtani ni wa siku kama hizo. Alikaa nje kwenye benchi siku tatu, kimya, kofia magotini. Siku ya tatu mama yangu alitoka ndani, ameshikwa mikono na watu wawili, akasimama mbele yake.

"Mwanangu hakupoteza muda," mama alisema. "Ifute hiyo kadi."

Na Refa, sijui shetani gani alimkalia ulimini, akamjibu mama yangu, "Mama, kadi ikishatolewa haifutwi. Ripoti imeshakwenda."

Mama akarudi ndani. Aliishi miaka minne baada ya hapo, masikio yakawa mazito, macho yakafifia, lakini neno lile hakulisahau. Akipita mtu wa mpira atamwambia: mwanangu hakupoteza muda. Alikufa kadi haijafutwa, na mimi nikairithi kesi.

Baada ya matanga yale Refa hakushika filimbi tena ya mchezo wowote. Alitoweka kijijini miezi kadhaa, tukadhani amerudi kwao. Kumbe alikuwa mjini Morogoro, amewaganda wauguzi. Alikwenda kila siku kukaa kwenye benchi la wagonjwa akiwa mzima, mpaka mmoja wao akamwonea huruma, au akamchoka, akampeleka kwenye chumba wanakojifunzia, akamwonyesha sanamu la mpira na namna ya kulikandamiza kifua. Alirudi kwetu na elimu hiyo pamoja na gunia.

Gunia lile alilijaza pumba za mpunga, akalitia katikati mpira wa ndani wa tairi la pikipiki uliojazwa upepo, ili ukilikandamiza likurudishie mkono. Alilivika jezi. Alilipa jina la diwani wetu wa wakati ule, na hilo likamletea matatizo yake. Akalibeba nyumba kwa nyumba.

Wanaume walilikandamiza wakijichekesha, wakachoka. Sisi wanawake ndio aliotuweza. Alitukuta tukiwa kwenye kinu, tunatwanga kisamvu wawili wawili, mchi unapanda huu unashuka ule, akatoa saa yake, akahesabu. Akaruka kama mtoto.

"Hiyo hiyo! Mwendo ni huo huo! Mnatwanga tangu hamjaota meno, mtashindwa na kifua cha Mnyamwezi?"

Hivyo ndivyo tulivyojifunza. Mtikise mtu, mwite. Hajibu, hapumui, au anavuta mkoromo mmoja mmoja: usitafute maji, usitafute kitunguu, usimpakie pikipiki kwanza. Tuma mtu akaite msaada, wewe piga magoti, kiganja katikati ya kifua, mikono minyoofu, twanga. Kwa nguvu, kwa haraka, uache kifua kipande ndipo ushuke tena. Ukichoka mwenzako apokee bila kuacha pengo, kama kwenye kinu. "Unamsukumia damu kichwani kwa mkono, kwa sababu pampu yake imegoma," alituambia. "Kila dakika mnayosimama kushangaa, nafasi yake ya kuishi inapungua karibu sehemu moja katika kumi. Zikifika dakika kumi, leteni majembe."

Kisha akaanza kufa ovyo. Alikufa kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Alikufa kwenye mkutano wa kijiji wakati mwenyekiti anasoma mapato na matumizi, na mwenyekiti hakumsamehe kwa kuwa watu waliutumia mwanya huo kuondoka. Alikufa kwenye msiba wa shangazi yangu, mlangoni, anadai na yeye abebwe, na wanawake tulicheka na machozi ya msiba yangali mashavuni. Kila akifa alikuwa na filimbi yake ndani ya ngumi. Kanuni aliitunga mwenyewe na akatukaririsha: weka mkono kifuani, nikiwa nacheza nitapuliza, nawe utoe mkono, maana kifua cha mzima hakitwangwi. "Filimbi isipolia, twanga." Halafu anainuka, anajikung'uta, anasoma saa yake. Kutoka dakika sita tukafika mbili. Kutoka mbili tukafika sekunde ishirini. Watoto wetu walicheza mchezo huo njiani wakitoka shule.

Nisimfanye malaika. Refa aliyetuchapa na saa ya kubonyeza hakuwa na saa ya mkononi, na akikuahidi kuja saa tatu, pika chakula cha jioni. Alituhubiria habari za moyo na huku anavuta sigara nyuma ya choo cha shule, akidhani moshi hauonekani. Kwenye ugali aliweka chumvi kabla hajaonja. Alikuwa Mwislamu wa swala tano, au tuseme tatu, na kila Jumapili alikuwa kanisani kwetu. Haingii. Anakaa barazani, anasikiliza mahubiri kupitia dirishani, na padri akikosea anakohoa.

Kilichompeleka barazani kwa kanisa ni mashine. Kikundi cha wageni waliokuja kupanda milima walilala misheni, wakamwona Refa akifa, wakashtuka, wakaelezwa, wakacheka, na walipofika kwao wakatuma zawadi: mashine ya kushtua moyo, ndogo, ya kubebeka, ndani ya mkoba mwekundu. Ina sahani mbili laini za kunata, moja unaibandika juu ya ziwa la kulia, moja ubavuni kushoto chini ya kwapa. Mashine yenyewe inausikiliza moyo, na ukiwa umechanganyikiwa unatetemeka ovyo bila kusukuma damu, inaupiga shoti ili utulie uanze upya. Kama si moyo wa kupigwa shoti, inakataa. "Ina akili kuliko Katekista," Refa alisema. "Kutwanga kunamshikilia mtu asiende. Mashine ndiyo inayomrudisha. Lakini inamrudisha aliye karibu. Akishafika mbali haimwoni."

Katekista wetu ni mtu wa Mungu na wa makufuli. Anafunga kanisa, sakristia, stoo, tangi la maji, na nasikia hata kabati la vyombo nyumbani kwake, mkewe anaomba ufunguo ndipo apakue. Mkoba ulipofika, akaushika kwa mikono miwili kama mtoto wa ubatizo, akaupeleka kabatini kwenye sakristia pamoja na kalisi ya misa, akatia kufuli.

"Kitu cha thamani hakiachwi wazi," alisema.

"Na mimi je, si wa thamani?" Refa akauliza.

"Wewe tuna hakika hakuna atakayekuiba."

Refa akalitazama lile kufuli, akaenda zake. Nikajua kuna jambo. Jumapili ya pili yake, watu wanatoka misa, alikufa chini ya ngazi za kanisa. Tukamfikia upesi, filimbi ikalia, lakini hakuinuka. "Nimetwangwa tayari," akasema huku macho kayafumba. "Sasa mashine." Tukapiga kelele za mashine. Katekista akajipapasa. Ufunguo haupo. Akakimbia sakristia, akarudi, akakimbia nyumbani. Ufunguo ulikuwa kwenye suruali, suruali ilikuwa kwenye beseni la kufulia, beseni alikwenda nalo mkewe mtoni. Refa alilala juani, siafu wamempanda shingoni, hakutikisika. Katekista aliporudi na mkoba, shati limelowa jasho, Refa akainuka, akabonyeza saa.

"Dakika kumi na moja. Nimekufa, mmenizika, mmekula wali, na mjane wangu ameshaposwa."

Padri alicheka mpaka akashika nguzo, kisha akamwamuru Katekista auweke mkoba barazani, nje, kwenye msumari. Katekista alitii. Akauweka kwenye msumari na kuufunga kwa waya, mafundo saba. Refa akaja na koleo, akakata. Kesho yake kamba. Refa akaja na kisu. Walipigana vita hivyo miezi miwili bila kurushiana hata neno moja baya, mpaka siku moja mkoba ukaning'inia wazi, na Katekista akasema tu kwamba kamba zimekwisha dukani. Toka hapo kila Jumapili Refa alikaa chini yake, akihakikisha kile kitaa cha kijani kinachoonyesha betri ni nzima bado kinawaka.

Miaka yote hiyo kesi yetu ilikuwa katikati, na tuliifanyia utani kwa sababu hatukujua tuifanyie nini kingine. Nilimwambia mbele za watu, "Futa kadi ya mdogo wangu, mzee mbaya." Naye atasema, "Sheria haifutiki, nenda kalime." Watu wanacheka. Lakini siku moja, tuko wawili, nachambua iliki, yeye ameketi kwenye kigoda ananilia ndizi zangu, akasema bila kunitazama:

"Mtani. Siku yangu ikifika kweli, usiniwahi. Simama dakika nne na sekunde ishirini. Ndipo uanze. Hapo tutakuwa sawa."

"Nitakaa kabisa," nikamjibu. "Nitamenya na ndizi."

Alicheka, nami nikacheka, lakini hakuirudisha ile ndizi mdomoni. Aliiweka chini, akaondoka.

Siku yake ilikuwa Alhamisi, siku ya lori la ndizi. Tulikuwa tunapakia karibu na kanisa, jua la saa nne. Refa ameketi juu ya mkungu wangu, anauponda kwa makalio, anawaeleza wapakiaji kwamba Mluguru anapanga ndizi kama mtu anayeficha wizi. Akasimama. Hakusema "Mtani, kwa heri." Hakushika kifua. Alianguka kifudifudi kwenye majani.

"Leo hata kuaga hakuna!" mmoja wa wapakiaji akasema. Watu wakacheka. Dereva akamwambia achague siku nyingine, lori linachelewa.

Tulimgeuza. Nikaweka mkono kifuani, kama desturi, nikisubiri sauti. Filimbi haikulia. Nikatazama mkono wake: umefunguka, na filimbi iko chini kwenye majani. Kisha akakoroma, mkoromo mmoja, kimya kirefu, mwingine. Mkoromo ule naujua. Nimeusikia mara moja tu katika maisha yangu na sikuhitaji kuusikia mara ya pili.

Nitasema ukweli wote. Kwa muda wa pumzi moja, niliwaza dakika nne na sekunde ishirini. Hakuna ambaye angenilaumu. Wote wangesema tulidhani ni utani. Mwenyewe alikuwa amenipa ruhusa. Mama angekuwepo sijui angesema nini. Kisha nikasikia watu wanacheka nyuma yangu, na nikakitambua kicheko kile. Kilikuwa changu, cha siku ile uwanjani. Nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo.

"Hachezi!" nikapiga kelele. "Nyamazeni! Hachezi! Katekista, mashine!"

Nikatwanga. Mara ya tatu au ya nne nikasikia kitu kimelia chini ya kiganja, kah, kama fito kavu, na nikajua nimemvunja ubavu, nikaendelea. Nilimtukana kila nikishuka. Mnyamwezi mbaya we, mla ndizi za watu, mvunja mayai, hufi leo, hufi kwangu. Jirani yangu ninayetwanga naye kisamvu akapiga magoti upande wa pili. Nilipochoka akapokea, hakuacha pengo. Na Katekista, mtu ambaye tangu nimfahamu sijamwona akitembea haraka hata mvua ikimnyeshea, alikuja mbio na mkoba mwekundu kifuani, kiatu kimoja kimebaki barazani, anasali kwa sauti.

Tukamchania shati. Sahani ya kulia, sahani ya kushoto. Mashine ikaanza kusema Kiingereza chake, nasi tukafanya kama Refa alivyotukaririsha: ikisikiliza, mikono juu, ikisema jitengeni, jitengeni. Katekista akapaza sauti, "Asiguswe!" akabonyeza kitufe kinachowaka. Mwili wa Refa ukashtuka, ukatulia. Tukatwanga tena. Tulitwanga mpaka kitu kikanishika kifundo cha mkono. Ulikuwa mkono wake, anausukuma mkono wangu, anaguna. Nililia pale pale, mbele ya wapakiaji na dereva, sikujali.

Lori lilimwaga nusu ya ndizi likampakia yeye. Nilikaa naye nyuma mpaka mjini, mkoba mwekundu mapajani, sahani bado zimemnata.

Refa aliishi miaka miwili mingine. Dakika za nyongeza, mwenyewe alisema. Alizimalizia kwa mwanawe huko Tabora, na alipokufa sikuweza kwenda kulala mlangoni kwake kama nilivyostahili. Kwa hiyo ninapomkumbuka, namkumbuka zaidi siku ile nilipokwenda kumwona hospitali mjini, wiki moja baada ya lori.

Nilimkuta ameegemezwa kwenye mito, amekonda, sindano ya maji mkononi. Nilikuwa na chupa ya uji wa ulezi. Daktari kijana alikuwa kando ya kitanda chake, akaniuliza kama ni mimi niliyeanza kumkandamiza, na ilipita muda gani kabla sijaanza. Nikamwambia haukupita. Akasema, "Ndiyo maana anaongea, mama. Tena anaongea sana." Akaenda zake.

"Bado hujafa?" nikamwamkia Refa.

"Umenivunja mbavu mbili. Rafu mbaya kabisa." Kisha akanitazama sana. "Nilikwambia usubiri."

"Ningesubiri," nikasema. "Ila nilikuwa na ndizi za kupakia."

Alianza kucheka, mbavu zikamkataza. Machozi yakamtoka, nami nikajishughulisha na kifuniko cha chupa. Baadaye akaingiza mkono chini ya mto, akatoa pochi yake kuukuu, na ndani ya pochi akatoa kadi. Ilikuwa imechakaa pembeni, lakini mwandiko wa bluu ulisomeka: 8, kupoteza muda. Nilikuwa sijawahi kuiona tangu siku ile.

"Mchezo ule," akasema, "ulianza tena baada ya kuvunjika?"

"Unajua haukuanza."

"Sheria inasema refa aliyekosea anaweza kurekebisha uamuzi wake, ili mradi mchezo haujaanza tena." Akaigeuza ile kadi mkononi. "Nilikuwa naijua tangu siku ile, Mtani. Niliijua mama yako aliposimama mbele yangu. Niliona haya ya jina litakaloandikwa badala yake."

Akamwomba muuguzi kalamu. Ikamchukua muda, na kwa mara ya kwanza sikumharakisha wala yeye hakuhesabu. Alipiga mstari juu ya nane. Chini yake akaandika: "Refa, kupoteza muda, dk. 4 na sek. 20." Kisha mzee yule, na mrija wa dripu unaning'inia, akanyoosha mkono juu kabisa ya kichwa chake mwenyewe, kadi juu, uso mkavu, kama marefa wanavyofundishwa. Wodi nzima ikamwangalia. Mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza, "Huyu mzee ana nini?"

"Kafanya rafu," nikamjibu.

Refa akanipa kadi. Sikumwambia nimemsamehe, na yeye hakuuliza. Alisema uji umepoa na hauna chumvi.

Nilirudi nyumbani na gari la jioni. Sikuingia ndani kwanza, nilipitiliza makaburini, nikapiga magoti kwa mama, nikamsomea ile kadi mwanzo mpaka mwisho. Nilisoma kwa sauti kubwa, maana masikio yake yalikuwa mazito.